Jana usiku nimeshika ritrakta tu, kile chuma cha msaidizi cha kuvuta kidonda kibaki wazi

Mzee aliletwa saa tano usiku kutoka wilayani, siku ya tatu hajapata choo wala kutoa upepo, tumbo limewamba kama ngoma. Picha ilionyesha utumbo mpana umejisokota. Tukiwa tunanawa mikono nikamwambia rezidenti wangu wa mwaka wa nne, yaani daktari anayesomea ubingwa, dokta leo unapasua wewe, mimi nakusaidia. Akasema sawa bosi, akaendelea kusugua kucha.

Watu wananiulizaga kuongoza mafunzo ya wapasuaji ni kazi gani, wanadhani ni kupanga ratiba na mitihani. Ratiba zipo, ndiyo, vijana wetu wako chini ya COSECSA, kile chuo cha wapasuaji cha kanda yetu kilichoanza 1999 chenye ofisi Arusha, hakina kuta, mwanafunzi anabaki hospitali anayofanyia kazi, miaka miwili ya kwanza halafu mitatu mingine ndo anakuwa bingwa wa upasuaji. Lakini kazi yenyewe ni hapa mezani, kunyamaza huku unaona kabisa kwamba ungefanya haraka zaidi.

Tulipofungua utumbo ulikuwa mweusi, umekufa. Mkono wake ukaenda kuufungua ule msokoto, moyo wangu ukaruka, maana utumbo ukishakufa ukiufungua kabla hujaubana ile sumu yote inarudi kwenye damu. Nikavuta pumzi niseme, mkono wake ukasimama. Akaomba klampu, kile kibanio. Akabana kwanza, akakata, na daktari wa usingizi aliposema presha inashuka akaamua mwenyewe kutounga utumbo, akautoa mwisho wake nje kwenye ngozi ya tumbo choo kipitie hapo, akafunga. Sista aliangalia saa mara mbili na nilimwelewa kabisa, nje kulikuwa na mama ambaye ujauzito ulimpasukia tumboni, asante Mungu yeye alikuwa na meza ya pili, ila zipo siku hakuna meza ya pili na siku hizo kisu nashika mimi, sioni aibu kusema hivyo. Mgonjwa wa hospitali ya umma hajachagua nani ampasue, kwa hiyo hatakiwi kulipia masomo ya mtu kwa mwili wake.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilijifunza kwa kuachwa. Nikiwa intern, daktari mpya wa mafunzo ya vitendo, sehemu sitaitaja, niliita bosi usiku mzima simu haipokelewi, nikafungua tumbo la kijana peke yangu na yule kijana hakufika asubuhi. Nakumbuka mpaka shati alilokuja nalo. Ndo maana kwenye programu yangu sheria ni moja tu sijaibadilisha hata siku moja, ukiita bingwa anakuja, na akija anavaa glavu.

Ile kamisheni ya upasuaji ya Lancet, jarida la kitabibu, ya 2015 ilisema nchi inahitaji angalau mabingwa 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000, na sisi tuko mbali sana jamani, kwa hiyo kila rezidenti ninayemharakisha au kumkatisha tamaa ni wilaya nzima itakayoendelea kusafirisha wazee usiku.

Mzee bado yuko ICU, mkojo umeanza kutoka vizuri. Jioni hii nimefungua logibuku mtandaoni, lile daftari la kuandika kila upasuaji mwanafunzi aliofanya, kijana kajiandika yeye mpasuaji, mimi msaidizi. Nimeithibitisha.