Ninavyoendesha nyumba ya wageni Bamburi

Mgeni akiingia nyumba ya Pwani baada ya safari ndefu ya kutoka Nairobi, hatazami kwanza mapazia wala picha za ukutani. Anafungua bomba la bafuni. Maji yakitoka, tena yasiyo ya chumvi, nusu ya kazi yako imekwisha. Yasipotoka, hata umtandikie kitanda cha Kilamu, atalalamika. Kaka yangu yuko Doha kikazi, na aliponikabidhi nyumba yake niipangishe kwa siku badala ya kwa mwezi, nilimwomba tukubaliane jambo moja: pesa ziende kwanza kwenye maji, kisha kwa watu wanaoihudumia nyumba, urembo uje mwisho.

Maji ya mfereji upande huu wa kaskazini mwa Mombasa hutoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, na husafiri kilomita nyingi kabla ya kutufikia. Pampu zikikosa stima, au bomba likipasuka njiani, sisi huku tunakauka siku kadhaa. Visima vipo karibu kila ploti, lakini ardhi yetu ni mwamba wa matumbawe na bahari iko hapo, kwa hiyo vingi ni vya maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu, nywele zinakakamaa, shuka nyeupe zinafubaa. Nilimwita fundi atenganishe mabomba. Tangi la maji ya kisima linalisha choo na bomba la kuoshea baraza, basi. Tangi jingine, la lita 5,000, ni la maji matamu ya bafu, jikoni na kufulia. Mfereji ukitoka linajaa lenyewe. Usipotoka, naagiza lori la maji kabla halijashuka chini ya nusu. Askari wetu hulitazama kila Alhamisi asubuhi, maana wageni wengi huingia Ijumaa, na siku hiyo kila mtu anayatafuta malori hayo hayo. Kutandika mabomba mawili ni gharama inayouma, na fundi atakuambia si lazima. Ukiwa na pesa ya jambo moja tu, fanya hilo. Maji ya kunywa ni dumu la lita 20 juu ya kabati la jikoni, na la akiba liko chini yake.

Upepo wa bahari nao unakula chuma. Kufuli zangu zote ni za shaba, bawaba ni za chuma kisichoshika kutu, na ile sehemu ya nje ya eisi, yaani kiyoyozi, inamwagiwa maji matamu mara kwa mara ili chumvi isigande kwenye mapezi yake. Masika ikiingia, makabati yanaachwa wazi mchana nyumba ikiwa haina mtu, la sivyo kuvu litapanda kwenye magodoro na nguo.

Kuhusu stima, nilikataa kuwa mtu wa kugombana na wageni. Eisi ya kawaida ya BTU 9,000 hula karibu yuniti moja kwa saa kompresa isipopumzika, na kuna wageni wanaoiacha inanguruma milango ya roshani ikiwa wazi. Basi kila usiku una yuniti zake ndani ya bei, na nimeandika hivyo kwenye tangazo. Zikiisha, mgeni ananunua tokeni mwenyewe kwa simu. Namba ya mita imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Kila chumba kina feni ya dari inayofanya kazi vizuri, na wakati wa kaskazi, upepo wa kuanzia Desemba, wengi hushangaa kwamba feni na chandarua vinawatosha.

Jambo linalowasumbua wenyeji wengi ni saa za kuingia. Treni ya usiku kutoka Nairobi hufika stesheni ya Miritini kabla ya alfajiri. Mgeni ana watoto wawili wamelala mabegani, na tangazo lako linasema anaingia saa nane mchana. Ukimwambia asubiri, umemwonea. Ukimfungulia bure kila mara, siku moja utamkuta mgeni wa jana bado yuko kitandani. Mimi humuuliza kila anayeweka nafasi anakuja kwa usafiri gani. Akisema treni ya usiku na nyumba iko tupu usiku huo, namuuzia usiku kwa nusu bei na anakuta vitanda vimetandikwa. Ikiwa ina mtu, namwambia mapema kabisa kwamba mizigo itapokelewa getini na kwamba pale karibu kuna mama anayeuza mahamri na mbaazi kuanzia asubuhi na mapema. Nikiwaeleza kabla hawajalipa, hakuna anayekasirika. Teksi pia naipanga mimi, na dereva ninayemjua, kwa bei iliyotajwa mapema, kwa sababu kutoka Miritini hadi Bamburi ni lazima upite mjini, na mtu mwenye usingizi hawezi kujadili nauli.

Na bahari? Isemee ukweli. Kuanzia Aprili kusi inapovuma, mwani hurundikana ufukweni na maji huchafuka. Mtu aliyeona picha ya Januari akaja Juni atajiona ametapeliwa. Kwenye tangazo langu picha za misimu yote miwili zipo. Halafu kuna kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti yake hupita mita 3. Mgeni akishuka ufukweni saa ya kupwa atakuta miamba na nyasi za bahari hadi mbali, na kuogelea hakuna. Kwa hiyo kila anapofika mtu namtumia saa za maji kujaa za siku atakazokaa. Ni ujumbe mfupi, hauna gharama, na wageni wa bara wanaushukuru kuliko hata kikapu cha matunda. Namwambia pia kwamba saa za kupwa ndizo za kwenda kuona wanyama Haller Park au kutembea ngome ya Fort Jesus.

Dada anayefanya usafi analipwa kwa mwezi, awepo mgeni asiwepo. Wenzangu wengi hulipa kwa kila mgeni anayetoka, na hesabu yao naielewa, ila mtu anayelipwa hivyo atakwenda kutafuta kibarua kwingine mwezi wa tano, na Agosti utakapomhitaji atakuwa amekwisha kuajiriwa. Wangu anaijua nyumba. Ndiye anayeniambia kigae kimeanza kucheza, ndiye anayehesabu taulo. Kila kitanda kina seti tatu za shuka: moja imetandikwa, moja iko kwa dobi, moja kabatini. Zote nyeupe, maana nyeupe doa huonekana na hutolewa kwa dawa bila kuharibu rangi. Akimaliza kusafisha, hunitumia video fupi ya kila chumba, friji ikiwa wazi, choo kikiwa wazi, bomba likitiririka. Video hizo naziweka. Zimeshamaliza mabishano mengi kuhusu nani alivunja nini.

Jengo letu lina familia, nyingi za Kiislamu, wenye wazee na watoto wa madrasa. Kabla ya mgeni wa kwanza nilipita mlango kwa mlango, nikapiga hodi, nikaeleza ninachotaka kufanya, nikawaachia namba yangu. Wakanipa masharti yao: muziki usivuke saa nne usiku, watu wasizunguke ngazini na nguo za kuogelea, na mwezi wa Ramadhani tuongeze staha. Nimeyaandika kama yalivyo na mgeni huyasoma kabla ya kulipa. Wapo wanaoghairi kwa sababu hiyo. Waende kwa amani, kuna nyumba zinazowafaa zaidi.

Kwenye usalama silegezi hata kidogo. Mwanzoni mwa 2024, baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za kupangishwa kwa siku kule Nairobi, serikali ilisisitiza kwamba nyumba hizi zisajiliwe na mamlaka inayosimamia utalii. Leseni ni jambo moja, geti ni jingine. Kila mtu mzima atakayelala anaonyesha kitambulisho na jina lake linaandikwa, pamoja na wale watakaoletwa baadaye. Kamera iko getini na kwenye ngazi. Ndani hakuna hata moja, na nalisema hilo waziwazi. Askari ana ruhusa ya kumpigia mgeni simu, hata usiku wa manane, akisikia kelele asizozielewa. Simlaumu akikosea. Mwanamke anayelala peke yake kwenye nyumba yangu anastahili kujua kwamba kuna mtu anayejali kama ataamka salama.

Hesabu na kaka ni wazi. Kila malipo yakiingia, asilimia 10 huenda kwenye akaunti ya matengenezo kabla hata ya ujira wangu, na mwisho wa mwezi namtumia karatasi moja yenye mapato, matumizi na picha za risiti. Miezi ya Desemba, Pasaka na Agosti ndiyo inayobeba mwaka. Kati ya Aprili na Juni nashusha bei na kutafuta wakaaji wa mwezi mzima: wahandisi wa barabara, watu wenye mgonjwa hospitalini. Hawa hawahitaji bahari, wanahitaji intaneti isiyokatika, meza ya kufanyia kazi na jiko lenye sufuria za kutosha. Mwaka jana muuguzi mmoja alikuja Mei kwa mwezi mmoja akapenda, akaongeza hadi mwisho wa Julai. Agosti ilikuwa imeshawekewa nafasi, kwa hiyo nilimtafutia chumba kwa jirani wa ghorofa ya pili, na bado yuko huko.