Nilivyoacha kuupiga picha ule mwamba

Siku simu iliponiambia nafasi imejaa, nilikaa nikahesabu: nilikuwa na picha 63 za Bismarck Rock. Zote ndugu moja. Mwamba katikati, ziwa nyuma, anga nusu. Mgeni anayekaa Mwanza saa mbili tu akisubiri kivuko cha Kamanga huondoka na picha hiyohiyo, na pengine ya kwake haijapinda.

Nilizifuta, nikabakiza moja. Nikajiwekea sharti la kutopiga kitu ambacho nimekwisha kukiona kwenye kalenda.

Kabla sharti halijaanza kufanya kazi, kamera ikaharibika. Angalau mimi niliamini hivyo: picha zilitoka na ukungu, na kila taa ya bodaboda ilikuwa na mkia. Nikampelekea fundi, hela ya matengenezo nimeshaikunja mfukoni. Akaitazama simu, akaipangusa mgongoni kwa pindo la shati lake, akanirudishia. "Kaka, haya ni mafuta." Mihogo ya kukaanga na simu nilikuwa naviweka kwenye mfuko mmoja. Hakunitoza kitu, alicheka tu. Tangu siku hiyo sipigi bila kufuta lenzi.

Jambo la pili nililiacha mwenyewe: kuvuta kwa vidole. Simu yangu ina lenzi moja, kwa hiyo ukivuta haisogei popote, inakata kipande cha picha na kukikuza. Ndiyo maana nyumba za mawe za mlimani Igogo zilikuwa zinatoka kama uji. Sasa nasogea kwa miguu. Na mvua ikinyesha nachuchumaa kando ya dimbwi, naigeuza simu juu chini ili lenzi ikaribie maji, na daladala inatokea mara mbili, moja barabarani, moja imepinduka ndani ya matope. Watu huniona nimerukwa na akili, lakini wameshanizoea.

Shule yangu hasa ilikuwa Igombe, mwaloni, kwenye dagaa. Nilikwenda mara ya kwanza saa 6 mchana. Dagaa wameanikwa, wanang'aa kama shilingi mpya, na kwenye simu nikapata shuka jeupe lisilo na samaki hata mmoja. Jua la utosini linamkaanga dagaa na picha pamoja. Nilipobonyeza kioo pale walipo dagaa, kikatokea kijua kidogo. Nikakiteremsha kwa kidole mpaka picha ikaingia giza kidogo, na hapo ndipo macho na mapezi yakaonekana. Kumbe kamera ilikuwa inapima mwanga wa mahali pengine kabisa. Hata hivyo nilirudi asubuhi, saa 1, jua likiwa limelala ubavuni na kila dagaa ana kivuli chake. Chagua siku, lakini: mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa taa zao hazivuti kitu, na utakuta vichanja vitupu.

Asubuhi hiyo mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa alinyanyua kichwa. "Mwanangu, unatupiga picha halafu?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeinua simu kabla ya kuinua mkono wa salamu, na pale hilo ni kosa kubwa kuliko la mwanga. Nikaiweka mfukoni. "Mwangaluka, mayu. Shikamoo." Nikaeleza kwamba nafanya kazi steshenari, na nitakachokipiga nitamletea kwenye karatasi. Akaniambia nipige mikono kwanza, uso tutaona.

Nikaipiga mikono. Niliishikilia simu kwa mikono miwili, viwiko vimebanwa mbavuni, nikabonyeza kitufe cha sauti badala ya kioo ili isitikisike. Nadhani nilipiga ishirini kumpata dagaa mmoja angali hewani. Usiku nikaituma kazini kama dokumenti, kwa sababu WhatsApp ikituma kama picha huiminya, na kwenye karatasi aibu hiyo haifichiki.

Wiki iliyofuata nikampelekea. Mikono ya mama, magamba hadi kwenye kucha, dagaa mmoja anaruka, nyuma ziwa limefifia. Nilijivunia, nisiseme uongo. Aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Nzuri. Lakini mimi mwenyewe niko wapi?"

Nikamwambia nipo tayari, asimame tu pale penye mitumbwi. Akakataa katakata, eti na kanga hii ya kazi? Jumamosi atakuja mjini na kitenge chake cha harusi ya binti yake, na mahali ameshapachagua zamani.

"Utanipiga pale kwenye jiwe. Jiwe lote litokee."