Basi

Mpaka leo asubuhi neno hilo moja lilikuwa limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Pamba, sungura wangu, amezaa. Mtakumbuka nilivyompeleka kwa dume mara mbili akarudi hivihivi. Safari hii ameshika, na siku ya 31 nikamkuta anajinyonyoa manyoya ya kifuani, anayasokomeza kwenye boksi la kuzalia. Jumanne alfajiri walikuwamo sita. Wa saba alikuwa nje juu ya wavu, hana unyoya hata mmoja, macho yamefumba, ana doa jeusi mgongoni, wa baridi kama jiwe la mtoni. Nikamtia kifuani ndani ya khanga, nikakaa naye juu ya ndoo iliyofudikizwa mpaka akaanza kujinyonganyonga, ndipo nikamrudisha kwa wenzake.

Kisha nikampigia baba, Lushoto. Yeye kafuga sungura tangu sijaota meno ya pili.

"Umewashika?"

"Mmoja tu, baba. Alikuwa anakufa kwa baridi."

"Kwa mkono mtupu?"

"Ndiyo."

"Basi."

Simu ikakatika.

Basi gani hiyo? Basi, hakuna neno? Au basi, umeshawaua? Utotoni alikuwa hataki hata tuchungulie bandani. Ukishika, alisema, mama atanusa harufu yako atawatafuna wanawe. Nimelisema neno hilo kwa sauti yake nikiosha vyombo, nimelisema kwenye daladala, mara nalivuta, mara nalikata. Idi kaletewa barua ya uhamisho wa Dodoma, mdogo wangu kaolewa Jumatano, na mimi ukumbini nawaza "basi".

Pamba naye hakunisaidia. Kutwa yuko pembe ya mbali anatafuna majani ya viazi vitamu, boksi hata haligeukii. Najua sungura hawaatamii watoto kama kuku. Bwana mifugo alishanieleza kwamba hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu, halafu huyo anaondoka. Lakini usiku wa manane maneno ya bwana mifugo hayana nguvu mbele ya ya baba. Nikaongeza chungu cha pili cha maji, maana kiu nayo humfanya mama ale wanawe. Kuwafunua niwatazame nikaogopa. Nisije nikashika tena.

Leo kabla ya adhana nilikwenda na tochi, nimeifunika kwa upande wa khanga. Pamba akaruka ndani ya boksi. Akasimama juu yao, kimya, na manyoya yakaanza kuchemka chini yake. Hazikufika dakika tano. Akatoka, akajilamba mguu, akaenda kunywa maji.

Nikashindwa kujizuia, nikafunua. Saba! Matumbo yamejaa, yamekaza, na kwenye ngozi ile nyembamba maziwa yanaonekana meupe kabisa. Mwenye doa alikuwa katikati ya rundo, ndiye mnene kuliko wote. Nililia palepale bandani.

Nikampigia baba. "Ile 'basi' yako, baba, imeninyima usingizi."

"Basi lipi? Aa! Lilikuwa limefika, la Tanga. Kondakta ananivuta begi."

Tulicheka mpaka Zuhura akaamka. Baba akasema mama aliyekuzoea hawezi kuwakataa wanawe kwa mkono wako. Sisi alitukataza kwa sababu tulikuwa watoto wanane, na kila mmoja angetaka kushika wake. Mwili wote ukawa mwepesi. Nikamkatia Pamba majani ya kunde, nikabandika chai.

Chai inachemka ndipo nikajiuliza: baba alikuwa anakwenda Tanga kufanya nini, Jumanne alfajiri, na begi? Harusini alituma salamu kwamba goti linamsumbua, hawezi kupanda gari. Nimempigia kaka, hana habari ya safari yoyote. Nimempigia mwenyewe tena mara mbili, hapokei.