Nilivyolisawazisha tangi langu la samaki la lita 450

Tangi langu lina urefu wa sentimita 150, upana wa 50 na kina cha 60. Likijaa hubeba maji ya lita 450, yaani kilo 450 za maji matupu. Ukijumlisha kioo, changarawe, mawe na meza yenyewe, ni zaidi ya nusu tani iliyosimama kwenye kona moja ya chumba. Kwa hiyo nilipoona maji upande wa kushoto yamekaribia ukingo kwa sentimita nzima kuliko upande wa kulia, sikutaka kulifumbia macho.

Mteremko wa namna hiyo peke yake haunitishi sana. Msukumo wa maji kwenye kioo hufuata kina, na sentimita moja juu ya 60 ni nyongeza ndogo. Ninachokiogopa ni tangi kujipinda: kona tatu zimekaa vizuri, ya nne inaning'inia. Hapo uzito wote unakivuta kioo huku na huku, na silikoni kwenye maungio ndiyo inayoumia. Inaweza kuvumilia miezi, kisha ikaachia usiku mmoja watu wamelala. Kwa hiyo nilipima usawa wa tangi kwa urefu, kwa upana, na pia kwa mshazari, kutoka kona hadi kona. Kona ya nyuma kushoto ilikuwa imezama kuliko zote. Sakafu ndiyo iliyobonyea, meza haikuwa na kasoro.

Baadhi ya watu niliowauliza walinishauri niinue upande mmoja kwa jeki, maji yakiwa humo humo, nichomeke kibao. Nilikataa, na mtu akiniuliza leo nitamkataza. Ukiinua upande mmoja wa tangi lililojaa, unalipinda kwa mikono yako mwenyewe.

Nilizima hita kwanza na kuiacha ipoe kama nusu saa, kwa sababu hita yenye joto ikibaki nje ya maji inaweza kupasuka. Samaki niliwahamishia kwenye ndoo kubwa zenye maji yale yale ya tangi, nikazifunika na kuwawekea pampu ya hewa. Vitu vya ndani ya chujio navyo nilivitia kwenye ndoo yao, vikiwa vimelowa na vinapata hewa. Humo ndimo wanamoishi bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa naitriti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Chujio likikauka au likikaa saa nyingi bila oksijeni, bakteria hao hufa, na unarudisha samaki kwenye maji yatakayowadhuru hata kama tangi limenyooka sawasawa. Mawe na changarawe nilivitoa vyote, na maji yaliyobaki nikayaondoa.

Tangi tupu la kioo cha milimita 12 bado lina uzito wa karibu kilo 95. Tulilibeba watu wanne, tukilishika kwa chini, tukalilaza juu ya godoro.

Sasa meza ilikuwa wazi, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi. Kwanza niliijaribu pimamaji yenyewe, kile kifaa chenye kiputo kinachoonyesha kama kitu kimekaa sawa: niliiweka, nikasoma kiputo, nikaigeuza kichwa kuwa mkia mahali pale pale nikasoma tena. Kiputo kisiporudi palepale, pimamaji hiyo si ya kuaminiwa. Yangu ilikuwa nzima. Kisha nilichomeka kabari nyembamba za plastiki ngumu chini ya kitako cha meza, kati ya meza na sakafu. Usiweke kabari kati ya tangi na meza kamwe, maana kioo kitabebwa na nukta chache tu. Nilichagua plastiki kwa kuwa mbao laini hunywa maji na kubonyea. Kabari nene zilikaa kwenye ile kona iliyozama, na kadiri nilivyosogea mbali nayo niliweka nyembamba zaidi, zikiwa zimekaribiana ili kitako chote kishikiliwe. Palipobaki na mwanya nilipajua kwa kupitisha karatasi: ikipenya, pale hapabebi kitu.

Juu ya meza nilitandika sponji ngumu ya milimita 8, kwa kuwa tangi langu lina kitako cha kioo kitupu. Matangi yenye fremu ya plastiki chini hayatakiwi sponji hiyo, kwani yenyewe hubebwa na kingo, na sponji ingesukuma kioo cha katikati juu.

Kujaza nilikwenda hatua kwa hatua. Robo ya maji, nikasimama, nikapima kwa rula kutoka ukingo hadi usoni mwa maji kwenye kona zote nne. Nusu, nikapima tena, kwa sababu sakafu na kabari hujikaza uzito unapoongezeka. Tangi lilipojaa, tofauti kati ya kona ilikuwa milimita moja, nami niliridhika nayo. Maji mapya niliyatia dawa ya kuondoa klorini na kuyalinganisha joto na ya ndoo kabla ya kuwarudisha samaki. Hita niliiwasha baada ya kuzama yote.

Nimeendelea kupima kona hizo kila ninapobadilisha maji, na kupapasa maungio ya chini kwa kidole kikavu kuona kama kuna unyevu. Hadi sasa rula inatoa vipimo vile vile.