Mawingu ya Nandi na bahari ya mbali

Kila Septemba mama hunipigia simu kutoka Ahero, kwenye tambarare ya Kano karibu na Kisumu, kuuliza vuli itakuwaje. Zamani nilikuwa natazama mawingu ya upande wa milima ya Nandi. Siku hizi naangalia joto la Bahari ya Hindi, naye hunicheka: "Bahari iko Mombasa, mwanangu. Sisi tuko Kano."

Lakini mambo huanzia huko. Maji ya upande wetu wa bahari yakipata joto kuliko yale ya karibu na Indonesia, pepo hugeuka na unyevu mwingi husukumwa Afrika Mashariki. Mwaka 2019 tofauti hiyo ilikuwa kubwa ajabu. Mvua ikaendelea hadi Januari. Mei 2020 Ziwa Victoria likavunja rekodi yake ya kimo cha maji ya 1964. Pale Dunga, ufukoni mwa ziwa, niliona mtumbwi umefungwa kwenye mlango wa kibanda, na ndani mama mmoja anakaanga samaki aina ya ngege, jiko limeinuliwa juu ya matofali.

Redioni kila mvua kubwa huitwa El Niño. Lakini El Niño ni joto la Bahari ya Pasifiki, na vuli ile ya 2019 haikuwa na El Niño!

Mama hana haja na nadharia. Mto Nyando humfikia hata siku ya jua kali, kumbe imenyesha milimani. Gunia la mbegu ameshalipandisha darini.