Neno Lililobaki Ubaoni

Saa 10:45 alfajiri. Nakaa Mbagala na shule ninayofundisha iko mjini, kwa hiyo naamka kabla ya adhana. Chai ya rangi, kiporo cha wali, mfuko wa madaftari ya Kidato cha Pili, natoka. Saa 11:30 nimeshabanana mlangoni mwa daladala pale Rangi Tatu. Konda, kijana wa miaka ishirini hivi, anapanga watu: "Mama angu, sogea kidogo. Mzee, shika bomba. Maniga, we maniga wa jezi nyekundu, rudi nyuma kuna nafasi." Mwenye jezi nyekundu akarudi nyuma wala hakugeuza shingo. Neno hilo nalisikia kila siku na kila siku nalipita. Alhamisi hii nililitegea sikio, maana kipindi changu cha kwanza kilikuwa cha misimu, yaani maneno ya mtaani.

Saa 1:15 mstarini. Usafi, matangazo, wimbo wa taifa.

Saa 2:00. Nilikuwa nimewapa kazi ya nyumbani: kila mmoja alete maneno matano ya mtaani na aeleze yametoka wapi. Yakaja niliyoyatarajia, buku, jero, mshua, kausha damu, nami nayaandika ubaoni moja baada ya jingine. Kisha likaja "maniga".

"Maana yake?"

"Mshikaji, madamu."

"Limetoka wapi?"

"Kwenye nyimbo za Marekani."

Mmoja alikuwa ameshalitafutia hadi ngeli: niga moja, maniga mawili, kama jani na majani. Nikawaeleza kwamba hiyo "ma" si yetu, ni "my" ya Kiingereza, yaani "wangu", iliyomezwa pamoja na neno. Na neno lenyewe nikawarudisha nalo nyuma, kutoka Kilatini, ambako "niger" ni rangi nyeusi tu, likapita kwenye Kihispania na Kireno, likaingia Kiingereza, likawa jina la mtu anayeuzwa mnadani, kisha la mtu aliyeachwa huru ila bado hahesabiwi kuwa mtu. Nikawaambia kwamba Julai 2007, mjini Detroit, chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kilifanya maziko ya neno hilo, kwa maandamano na jeneza.

Binti mmoja akanyoosha mkono. "Kama wamelizika, mbona wanaliimba?"

Swali zuri kuliko nililokuwa nimejiandaa nalo. Nikamjibu kwamba wapo waliolichukua wakaligeuza la kuitana wao kwa wao, na wapo weusi wenzao wasiotaka kulisikia hata kwenye wimbo, na wanabishana hadi leo. Sisi tumeletewa neno, ubishi wake haukuletwa.

Nilijiona nimefundisha. Aliyefuata akasoma "ponjoro", darasa likacheka, na mkono wangu ukaliandika ubaoni chini ya maniga kabla akili haijafika. Darasani mle kuna kijana mmoja tu ambaye babu zake walitoka India. Hukaa safu ya dirishani. Alikuwa anapigia mstari kichwa cha somo kwa rula, na watu walipocheka aliendelea kupitisha kalamu palepale, palepale, mpaka karatasi ikachanika.

Nikauliza nani anajua neno hilo linamsema nani. "Ni utani tu, madamu." Nikawakatalia. Ujombani kwangu ni Wazaramo, nao wana watani wao Wanyamwezi. Nimewaona watani hao msibani wakizuia jeneza mpaka wapewe hela, na hao hao ndio wanaoshika jembe kaburini. Mtani nikimtania ananijibu, tena kwa ukali kuliko wangu. Mnapolisema hili, anayesemwa anawajibu nini? Nani amewahi kumsikia akijibu? Nilitaka kuwaeleza pia jinsi neno mwenzake, "magabacholi", lilivyopigiwa makofi kwenye mikutano ya hadhara hapa jijini mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyama vingi viliporudi. Kengele ikalia. Nikakusanya madaftari, nikatoka.

Saa 4:30, mapumziko. Nilikuwa na kikombe cha chai na andazi mkononi. Yule kijana wa dirishani alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu.

"Shikamoo madamu."

"Marahaba."

"Lile neno bado lipo ubaoni. Mwalimu wa Hisabati ameandika pembeni yake, hajalifuta. Naweza kulifuta?"

Vipindi viwili vizima nilikuwa nimemwacha akae akilitazama. Nikaweka chai chini, tukaenda wote. Nilimwomba radhi njiani, na nitamwomba tena mbele ya darasa kwa sababu kosa lilifanyika mbele ya darasa. Alifuta taratibu, akabakiza orodha nyingine yote, hata maniga. Kisha akasema, bado ameupa uso ubao:

"Lakini madamu, na sisi nyumbani tunalo letu."

Akalitaja: "golo". Kwa Kigujarati maana yake ni mtumwa. Bibi yake humwita hivyo dada wa kazi, bila hasira, kwa sauti ileile anayoombea chumvi. Bibi huyo ndiye anayemfungashia chakula cha shule kila asubuhi, ndiye aliyekesha naye alipolazwa kwa malaria. "Sijawahi kumwambia aache. Nitaanzaje?"

Sikuwa na la kumwambia. Mwanafunzi anakuletea siri ya nyumbani kwao kwa sababu wewe umemkosea, hilo ni deni.

Saa 6:30 mchana. Wali maharage kwa mama ntilie, pamoja na mwalimu mwenzangu wa Kiingereza. Nikamsimulia. "Ungeruka tu," akasema. "Hata Wamarekani wanafuta." Ni kweli, mwaka 2011 Alabama kulitoka toleo la Huckleberry Finn, kitabu cha Mark Twain, ambamo tusi lile, linalotokea zaidi ya mara 200, limeondolewa na kuwekwa neno "mtumwa". Nia yao naielewa. Walimu walikuwa wanakiacha kabatini kwa kuogopa kumsomea mtoto mweusi neno hilo mbele ya wenzake, na baada ya asubuhi ile siwezi kuwacheka. Lakini mtumwa ni hali, na hali hukoma. Jim, yule mtoro mweusi wa kitabuni, mwishoni inagundulika kwamba alikwishaachwa huru kwenye wosia, huku watu wakimfunga minyororo na kumtusi vilevile. Ukiandika "mtumwa" hapo umemdanganya msomaji, maana mtumwa hakuwapo. Ila kulisoma kwa sauti kubwa darasani ili kuonyesha ushupavu, hapana. Macho yao yalione, mimi niseme nani alimwita nani. Mwenzangu hakukubali, tukalipa tukarudi.

Saa 9:30 alasiri, klabu ya usomaji. Watoto kumi na mmoja na nakala nne za Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Tumefika kwa mwana wa mfalme wa Moroko, anayekuja kuposa na jambo lake la kwanza ni kumsihi Portia asimchukie kwa rangi ya ngozi yake. Yuko tayari hata wachanjwe, yeye na mzungu yeyote, ionekane damu ya nani nyekundu zaidi. Wiki zote hizi wanafunzi wangu wamempenda Portia, mwenye akili, atakayewashinda wanaume mahakamani. Binti mmoja akarudi kurasa za nyuma, akatafuta kwa kidole, akapata pale Portia anapomsema mgeni huyo kwamba ana sura ya shetani, kabla hata hajamtia machoni.

"Madamu, si ulisema huyu ndiye mzuri?"

"Nilisema."

"Sasa?"

Tulikaa hapo hapo hadi saa 11. Mtunza stoo alikuja mara mbili na funguo.

Saa 2:00 usiku. Nilimpigia mama. Baba yake alikuwa boi Oysterbay miaka ya 1950. Wakati huo alikuwa na watoto wanne na mvi zimeanza, na bado hilo ndilo lililokuwa jina lake. Mzungu wake alipoondoka mwaka 1957 alimwandikia barua ya sifa ya kutafutia kazi, nayo imeandikwa kwamba ni kijana mzuri, mwaminifu, hajui kuiba. Jina lake halimo. Nikamwomba mama barua hiyo niwapelekee wanafunzi Jumatatu.

"Utawasomea babu yako kaitwa boi?"

"Ndiyo mama."

Akakaa kimya. Babu huyohuyo, baba yangu alipotoka Dodoma kuja kuposa, alisema binti yake haolewi na mshenzi wa bara. Alimpenda mama kuliko watoto wote, na alilisema mbele yake.

"Na lile alilomwita baba yako?"

"Na hilo."

Nilimsikia akifungua sanduku, khanga zikiondolewa moja moja.

"Usiikunje," akasema. "Itie kwenye nailoni. Na watoto wasiishike na chaki mikononi."