Tulivyoacha kulaumu pampu tukaanza kusoma mita

Mwaka 2021 nilichaguliwa mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji kijijini kwetu huku Dodoma, na sikuchaguliwa kwa sababu ya akili, nilichaguliwa kwa sababu siku ya mkutano sikuwepo. Nikakabidhiwa daftari, muhuri, na injini ya dizeli iliyokufa. Kisima kirefu kipo, tangi lipo, vituo vinne vya kuchotea vipo, ila maji hakuna, akina mama wamesharudi korongoni kufukua mchanga kama zamani.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Fundi anasema pampu mbovu, mwenyekiti anasema wananchi hawataki kuchangia, wananchi wanasema kamati imekula hela. Wakaja na wageni wa semina, tukakaa siku mbili kwenye darasa la shule tunafundishwa umiliki wa mradi, tukanywa soda, tukapiga picha ya pamoja, injini ikabaki vile vile. Sikatai semina jamani, ila pale hakuna aliyeuliza hela ya ndoo moja inapita wapi mpaka igeuke dizeli.

Kidogo nirudi nyuma maana bila hii hamtanielewa. Miaka ya 70 serikali ya Nyerere iliahidi maji safi karibu na kila mtu vijijini ndani ya miaka 20, yaani ifikapo 1991, na maji yalikuwa bure. Haikufika. Sera ya Maji ya 2002 ikaja na hesabu nyingine, kituo kimoja kwa watu 250, kisizidi mita 400 kutoka nyumbani, halafu watumiaji wenyewe wabebe gharama za uendeshaji na matengenezo. Sheria Namba 5 ya 2019 ikaleta RUWASA, yaani wakala wa serikali wa maji vijijini, na hizi jumuiya zetu. Kwenye karatasi imekaa vizuri tu. Sasa njoo kijijini, mzee aliyekunywa maji bure ujana wake wote umwambie ndoo shilingi 50, anakuangalia kama unamuuzia hewa.

Basi injini tukaitengeneza kwa mchango wa mazao ya mwaka ule, alizeti ilikuwa na bei, maji yakatoka. Mwaka 2022 dizeli ikavuka 3,000 kwa lita na sisi tunachoma lita 8 kila siku ya kusukuma, siku tano kwa wiki, piga hesabu, hiyo ni 120,000 na zaidi kwa wiki. Vituo vyote vinne vinaleta kama 150,000. Ukimlipa mwendesha mashine hata hela ya kumwaga oili haibaki, na injini isiyobadilishwa oili mnajua inaishia wapi. Nikaona kabisa tunarudi korongoni.

Siku moja nimekaa kituo namba 3 nasubiri hela, nikaona kitu cha duara kimejaa tope kwenye bomba. Nikakifuta na kidole, mita! Ilikuwepo tangu mradi unajengwa, kila kituo kinayo, hakuna aliyewahi kuisoma, watoto wanaikanyaga wakipanda kunywa. Nikaandika namba kwenye kiganja. Wiki iliyofuata nikarudi, imesogea uniti 28. Uniti moja ni lita 1,000, ndoo 50 za lita 20, kwa hiyo ndoo 1,400, shilingi 70,000. Mama anayeuza maji pale alikuwa ameniletea 38,500, yaani ndoo 630 hazionekani hela yake.

Nilijisikia nimemkamata mwizi, nakiri. Nikamfuata nimekunja uso, shikamoo yenyewe nikaitoa kwa shida. Yeye akanivutia kigoda, akatoa daftari lake la kurasa zilizojikunja, akasema kaa mwanangu tuhesabu. Shule ndoo 40 kwa siku, siku tano, 200, hawajawahi kulipa. Misiba miwili ndoo 120, nani atadai hela msibani? Waliokopa 130. Zimebaki 180, ambazo ni shilingi 9,000. Akafunga daftari. "Hizo nimekula mimi. Nakaa hapa toka alfajiri mpaka jioni, mlipanga kunilipa nini?"

Sikuwa na jibu kwa sababu hatukuwa tumepanga chochote. Yaani mradi mzima ulitegemea mtu mmoja afanye kazi ya bure kila siku ya Mungu na asiguse hela anayoishika, halafu tukimaliza tunamwita mwizi.

Mkutano wa kijiji ulikuwa moto. Kuna waliotaka afukuzwe siku ile ile, mmoja anapiga kelele kuliko wote na jina lake liko kwenye orodha ya wakopaji. Tulichokubaliana mwisho, baada ya masaa kama manne hivi, muuza maji anapata asilimia 15 ya kinachosomeka kwenye mita, kwa hiyo uniti 28 ni 10,500, zaidi ya alichokuwa anajichukulia. Msiba unapewa mapipa mawili bure, ya zaidi familia inalipa baadaye. Mkopo marufuku, ingawa hii inavunjwa kila siku na mimi mwenyewe nimeivunja. Na kila Jumatatu namba za mita na hela zinaandikwa kwa chaki ukutani pa ofisi ya kijiji. Hiyo ya ukutani ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote, watu wanapita kwenda mashineni kusaga wanasimama kusoma, wanabishana wenyewe kwa wenyewe.

Masika ndiyo ilitupiga chenga. Mvua zikianza Desemba watu wanakinga maji ya bati, wengine malambo, mauzo yanashuka karibu nusu. Sera inadhani mtu ananunua maji mwaka mzima sawasawa. Tukaanza kuweka akiba ya kiangazi benki, na mwaka juzi beliti na nozo zilipokufa kwa pamoja tukanunua bila kupitisha bakuli, siku nne maji yakarudi.

Lililonishinda ni shule. Sera ya maji inasema kila anayetumia alipe, elimu bila malipo ilipoanza 2016 shule ikabanwa kuchangisha wazazi, na ruzuku inayokuja ni ndogo, ikishanunua chaki na karatasi za mitihani imeisha. Kila upande una haki yake na zote mbili zinakutana kwenye lile bomba la kituo namba 3. Siwezi kufungia watoto maji. Kwa hiyo naandika deni ukutani kila Jumatatu, na mwalimu mkuu akiniona kwa mbali siku hizi anakata kona kwenye mibuyu.